Barua ya wazi: tupimeni kinachopanda kifuani kabla ya kutuongezea vidonge

Kwa: Wizara ya Afya, uongozi wa hospitali za rufaa za umma jijini Dar es Salaam, na wote mnaopanga vitita vya bima ya afya

Yah: Kipimo cha impidansi na pH kwa wagonjwa wa kiungulia kisichosikia dawa

Ndugu viongozi,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari huku Mbagala. Nina miaka 19 kazini, na 6 ya mwisho nimefundisha mkono mmoja ukiwa na chaki na wa pili ukiwa kifuani. Nawaandikia kuhusu kipimo kimoja kinachochukua saa 24. Kilijibu swali ambalo nilikuwa nimelizungusha hospitali nne za jiji hili bila jibu. Nilifanyiwa India, tena kwa bahati tu, kwa sababu nilimsindikiza mama mkwe aliyekwenda kutibiwa Chennai. Katika miaka yote ile hapa nyumbani hakuna aliyewahi kunitajia jina lake.

Huku kwetu moto wowote unaowaka kati ya kitovu na koo unaitwa vidonda vya tumbo. Kifua kikiwaka, una vidonda. Ukiamka na uchachu mdomoni, una vidonda. Tumbo likijaa gesi, vidonda. Pale Rangi Tatu jioni yupo kijana mwenye spika na meza ya chupa, anatangaza dawa ya vidonda vya tumbo tangu nilipohamia huku, na wateja hawamkatiki. Mimi pia nilinunua kwake chupa mbili. Sioni aibu kulisema, kwa sababu mtu ambaye hajalala usiku wa tatu mfululizo hununua chochote kilicho mbele yake.

Kama mwalimu wa lugha jambo hili linaniuma mara mbili, maana Kiswahili kilikwisha kutenganisha mambo haya zamani. Kiungulia ni ule moto. Kucheua ni kile kilichomezwa kurudi juu. Kupiga mbweu ni hewa kutoka. Marehemu bibi yangu alilitumia kila neno mahali pake. Tukifika hospitalini yote matatu yanaingia kwenye faili kwa neno moja, na yanatoka na dawa moja. Kipimo ninachokiombea kinafanya kwa mashine kazi aliyokuwa akiifanya bibi kwa maneno: kinautenga moto, maji na hewa.

Yangu yalianza na kikohozi kikavu. Mchana kilikuwa cha kuvumilika, ila usiku saa nane nilikuwa naamka nimepaliwa, koo likiwa chungu kama nimelamba betri. Asubuhi sauti haipo. Kipindi cha kwanza nilikuwa naandika ubaoni tu na kumwita kiranja asome kwa sauti. Hapa mjini ukikohoa wiki tatu unapimwa TB, na ni sawa kabisa. Nilitoa makohozi mara tatu, mara ya mwisho yakapimwa kwa GeneXpert, yote safi. Nikapigwa picha ya kifua. Nikapimwa moyo. Nikapimwa choo, wakakuta bakteria wa H. pylori, nikamaliza dozi ya siku 14, nikapimwa tena, bakteria hayupo. Kikohozi kipo.

Endoskopi, yaani kamera inayoshushwa kuangalia umio (njia ya chakula kutoka kooni) na tumbo, nimefanyiwa mara mbili. Mara ya pili daktari, kijana mpole ambaye alinionyesha picha zangu mwenyewe kwenye skrini, aliniambia, "Mwalimu, umio wako ni safi, tumbo ni safi. Endelea na dawa." Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi kwa muda mrefu. Kama pote ni safi, dawa ni ya nini? Na kama dawa inahitajika, basi kuna kitu kamera haikukiona. Sikuwa na mtu wa kumuuliza, na yule daktari simlaumu. Alikuwa ametumia kifaa alichokuwa nacho. Leo najua kwamba wengi wenye dalili za kupandishwa tindikali wakipigwa endoskopi hukutwa umio hauna jeraha lolote, kwa hiyo umio safi haumaanishi huumwi, wala haumaanishi unaumwa.

Basi nikaendelea na dawa. Famasi ninayonunulia inaendeshwa na mwanafunzi wangu wa zamani. Akiniona tu naingia anainua mkono kwenye rafu: "Shikamoo mwalimu. Zile zile?" Namwitikia marahaba, zile zile. Omeprazoli miligramu 20, asubuhi moja na jioni moja. Vidonge viwili kwa siku kwa miaka 6 ni zaidi ya vidonge 4,300. Hesabu hiyo niliipiga usiku mmoja nikiwa nimeegemea ukuta, nikisubiri koo litulie.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu dawa yenyewe. Omeprazoli ilipoingia sokoni mwaka 1988 iliwaondolea watu mateso makubwa, na ninao majirani waliopona kabisa kwa dozi ya wiki nane, hasa walipoelekezwa kuimeza nusu saa kabla ya chai badala ya baada yake. Kazi yake ni kufunga pampu zinazotengeneza tindikali kwenye ukuta wa tumbo. Mlango haiufungi. Kati ya umio na tumbo kuna msuli unaobana kama mdomo wa kifuko cha kamba. Ukilegea wakati usiofaa, kilichomo tumboni kinapanda, kiwe kikali au kiwe kimepozwa. Anayetumia dawa anaendelea kupandishwa vile vile, isipokuwa kinachopanda kimepunguzwa ukali. Wengi wakifikia hapo wanapata nafuu. Mwenye kikohozi kama changu, au mwenye umio unaoshtuka kwa kila tone, anabaki pale pale, na kila akirudi hospitalini anaongezewa dozi.

Sasa kipimo chenyewe. Mwaka 1974, huko Marekani, Johnson na DeMeester walieleza namna ya kupima pH ya umio, yaani namba ya ukali wa tindikali ambayo ikishuka ukali umezidi, kwa saa 24: mpira mwembamba unapitishwa puani, kihisi kinakaa sentimita 5 juu ya ule msuli, na mashine inahesabu ni muda gani pH imeshuka chini ya 4. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilikuwa kipimo kikuu. Upungufu wake ni kwamba kinajua tindikali peke yake. Kikipanda kitu kisicho kikali, hakioni kitu. Mwaka 1991 Jiri Silny, kule Aachen, Ujerumani, akaeleza njia nyingine: kupima ukinzani wa umeme ndani ya umio. Ndiyo inayoitwa impidansi. Mpira ni mmoja tu, una kihisi cha pH, na umezungushiwa pete ndogo za chuma kuanzia chini hadi juu. Kati ya pete na pete unapita umeme mdogo sana ambao mgonjwa hausikii. Umio mtupu una ukinzani wake wa kawaida. Majimaji yakipita, umeme unapita kirahisi na ukinzani unashuka. Hewa ikipita, ukinzani unapanda.

Wanafunzi wangu waliponiuliza mashine inajuaje kama maji yanateremka au yanapanda, niliwaeleza hivi. Wapange watu sita kuanzia Magomeni Mapipa kushuka hadi bondeni Jangwani. Mvua ikinyesha na maji yakaporomoka kutoka juu, wa Mapipa analowa kwanza, wa bondeni mwisho. Huko ndiko kumeza. Mto Msimbazi ulioko bondeni ukifurika, anayelowa kwanza ni wa bondeni, kisha anayemfuata juu yake, kisha wa juu zaidi. Huko ndiko kucheua. Huhitaji kuyaonja maji ili ujue yametoka wapi, unaangalia nani amelowa kwanza. Kipimo cha pH peke yake ni mtu mmoja aliyesimama bondeni, ambaye hainui mkono mpaka maji yawe machachu. Ukiviunganisha viwili unapata habari yote: kilichopanda, kilikofika, kama kilikuwa kikali, na kama kilikuwa maji au hewa tu.

Hapo hapo niwakumbushe watoto wachanga, kwa sababu akina mama wa jiji hili wanahangaika nao sana. Mtoto akishiba maziwa, maziwa yenyewe yanaizima tindikali. Akicheua baada ya kunyonya, kinachopanda mara nyingi si kikali, na kipimo cha pH peke yake kitasema hakuna kitu wakati mtoto anapaliwa mbele ya macho ya mama yake.

Siku saba kabla ya kupimwa niliambiwa niache omeprazoli kabisa, ili waone umio wangu ulivyo bila kuzuiwa na kitu. Zilikuwa siku ngumu. Ukiacha ghafla dawa uliyoizoea miaka mingi, tumbo hutengeneza tindikali kwa fujo, kana kwamba linalipa deni. Mama mkwe ndiye mgonjwa, lakini usiku yeye ndiye aliyekuwa akiamka kunipa maji.

Asubuhi ya kipimo, kabla sijala, walianza na manometri, yaani mpira mwingine unaopima mbano wa misuli ya umio, ili wajue ule mlango uko umbali gani. Wangu ulianzia sentimita 41 kutoka puani, kwa hiyo kihisi cha pH kikawekwa kwenye 36. Kisha ukaingia mpira wenyewe, mwembamba kama ule mrija wa wino ndani ya kalamu ya Bic. Sista alikuwa amejifunza neno moja la Kiswahili kutoka kwa wagonjwa wetu, "meza", na alilisema kila aliposogeza mpira, huku amenishikia kikombe cha maji chenye mrija. Machozi yalinitoka, pua ilichonyota, dakika chache kazi ikaisha. Wakaubandika mpira shavuni kwa plasta, wakaupitisha nyuma ya sikio, na mwisho wake wakauchomeka kwenye kiboksi cha kuning'iniza kiunoni, ukubwa wa redio ndogo.

Kiboksi kina vitufe. Kimoja unabonyeza ukianza kula na ukimaliza, kingine ukijilaza na ukiamka, kingine ukipata dalili. Walinisisitiza nisijifanye mgonjwa: nile kama ninavyokula nyumbani, nitembee, nipande ngazi. Nikala wali na mchuzi wenye pilipili. Nikanywa chai ya maziwa jioni. Kuoga tu ndiko kulikatazwa, kiboksi kisilowe. Na nilipewa karatasi ya kuandika kila kitu na saa yake. Bado ninayo, mwandiko umepinda kwa sababu niliandika gizani: "saa 4:10 usiku, kikohozi. Saa 4:50, kikohozi. Saa 8:05, nimepaliwa, kikohozi kirefu." Kesho yake mpira ulitolewa kwa pumzi moja.

Majibu yalikuja na grafu, mistari mingi iliyopangana kama nyuzi za kanga. Muda ambao pH ilikuwa chini ya 4 ulikuwa asilimia 2.1. Wataalamu waliokubaliana viwango, ambavyo vilichapishwa mwaka 2018 kwa jina la mji wa Lyon, Ufaransa, wanasema chini ya asilimia 4 ni kawaida na zaidi ya 6 ni ugonjwa. Kwa hiyo ningepimwa pH peke yake ningeambiwa sina kitu, nirudi nyumbani. Lakini mistari ya impidansi ilihesabu mara 94 ambazo kilichomo tumboni kilipanda kwa siku hiyo moja. Chini ya 40 ni kawaida, zaidi ya 80 si kawaida. Sehemu kubwa ya hizo 94 haikuwa na ukali wa kuacha jeraha la kuonekana kwa kamera, wala wa kukishtua kihisi cha pH. Na katika mara 21 nilizobonyeza kitufe cha kikohozi, 13 zilitanguliwa na kupandishwa ndani ya dakika mbili. Zaidi ya nusu.

Daktari aliweka kidole kwenye mstari wa saa 8:05 usiku. Wimbi lilianzia pete ya chini, likapanda moja baada ya nyingine hadi ya juu kabisa, kisha ukafuata ule mchirizi wa kikohozi. Nilikiangalia kitu ambacho kimeniamsha kwa miaka 6. Nililia pale pale ofisini, na mama mkwe akanifunika na khanga yake.

Matibabu niliyopewa hayakuwa na maajabu. Omeprazoli ikapunguzwa taratibu badala ya kuongezwa. Nikaandikiwa dawa ya alginati ya kunywa baada ya chakula na wakati wa kulala, ambayo hutengeneza kama povu juu ya chakula na kukizuia kupanda. Chakula cha mwisho saa moja jioni, kulala saa nne, ubavu wa kushoto. Baba Salma akaweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, na wageni wanaopita wakiona wanauliza kama nyumba imeinama. Bado nakohoa mara moja moja, hasa nikichelewa kula wakati wa mitihani. Ila kipindi cha kwanza nasoma mwenyewe.

Hadithi yangu ni ya mtu mmoja. Naomba msome na hii ya watu 366. Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali za maveterani wa Marekani kwa wagonjwa waliosemekana kiungulia chao hakisikii dawa. Kwanza walipewa omeprazoli na kuelekezwa kuimeza inavyotakiwa, miligramu 20 mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili: 42 wakapata nafuu hapo hapo. Waliobaki wakapimwa kwa endoskopi, manometri, na impidansi pamoja na pH. Watu 23 walikutwa na magonjwa mengine ya umio kabisa. Watu 99 walikutwa hawapandishwi kitu cha kuwaletea kiungulia. Neva zao ndizo zilizokuwa zinalia, na hao hata wangemeza omeprazoli ndoo nzima wasingepona, kwa sababu dawa yao ni nyingine. Baada ya michujo yote, na wengine kuondoka kwa sababu mbalimbali, 78 ndio waliothibitika kwamba kupandishwa ndiko kunakowaumiza, wakagawanywa makundi matatu. Waliofanyiwa upasuaji wa kukaza mlango wa tumbo, 18 kati ya 27 walifanikiwa. Waliopewa dawa za ziada, 7 kati ya 25. Kundi la kulinganishia, 3 kati ya 26.

Nimeusoma utafiti huo nikiwa na kamusi pembeni, zaidi ya mara moja. Kwangu mimi unasema kwamba foleni ya watu wenye malalamiko yale yale mlangoni kwa daktari ina ndani yake watu wa aina nne au tano, na kwa macho na masikio peke yake huwezi kuwatenga. Yupo wa kuelekezwa namna ya kumeza dawa tu. Yupo wa kupelekwa kwa daktari wa upasuaji. Yupo ambaye kisu kingemharibia maisha bure. Daktari asiye na kipimo anawatibu wote kwa kubahatisha, hata awe hodari namna gani.

Najua swali litakaloulizwa mezani. Nchi ina malaria, ina akina mama wanaokufa wakijifungua, ina watoto njiti. Tununue mashine ya kiungulia? Nimejiuliza mwenyewe kabla ya kuandika. Jibu langu ni kwamba fedha tayari zinatumika, ila zinatumika kidogo kidogo mahali msipoziona. Endoskopi ya kwanza, ya pili, ya tatu kwa mtu yule yule ambaye umio wake ni safi. Makohozi yanayopimwa tena na tena na kuchukua nafasi ya mtu mwenye TB. Vidonge 4,300. Na siombi kila mwenye kiungulia awekewe mpira. Wengi watapona kwa dawa na kwa kubadili mlo. Aliyekutwa na umio uliochubuka vibaya amekwisha kupata ushahidi wake, hahitaji kingine. Na mtu anayekwama chakula, anayekonda bila sababu, au anayetapika damu, asingoje kipimo chochote cha saa 24, apelekwe endoskopi haraka, kwa maana ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki saratani ya umio tunaijua. Ninachoomba kinawahusu waliobaki baada ya hayo yote: wametumia dawa sawasawa, wamepigwa kamera, kamera haikuona kitu, na bado hawalali.

Kwa hao, pawe na chumba kimoja katika hospitali ya umma hapa Dar es Salaam. Kimoja kinatosha kuanzia. Manometri na impidansi vikae pamoja, kwa sababu bila manometri hutajua kihisi kikae wapi. Siku za kupima zijulikane, bei ibandikwe mlangoni, na zahanati ya Mbagala au ya Gongo la Mboto ijue inamwandikia nani rufaa na kwa karatasi gani.

Lakini ninalotaka mlisikie kuliko yote ni hili la mipira. Mashine ni ya kununua mara moja. Mpira unaopita puani kwa mgonjwa ni wa kununua kila siku. Wote tumeona, katika ofisi na shule na kwingineko, mashine nzuri iliyofunikwa kitambaa kwa sababu kitu kidogo kinachoingia ndani yake kimeisha na hakuna aliyekipangia fungu. Pale shuleni kwetu tuna fotokopi ya namna hiyo, imegeuka meza ya kuwekea madaftari. Basi kabla hamjasaini mkataba wa mashine, mipira iwe imekwisha kuingia kwenye mpango wa manunuzi wa Bohari ya Dawa, pamoja na dawa za kusawazishia kihisi cha pH, kwa idadi ya mwaka mzima. Na fundi wa kuitengeneza awe wa hapa hapa.

La pili ni watu. Grafu ya saa 24 haijisomi. Programu ya kompyuta huhesabu yenyewe, ila huhesabu hata visivyokuwepo, na lazima daktari aketi apitie wimbi kwa wimbi. Ni kazi ya macho na uvumilivu, kama kusahihisha insha za kidato cha nne. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kipo hapa hapa mjini. Wauguzi wawili wapelekwe kujifunza kuweka mpira, na madaktari wawili kusoma grafu, kisha wao wafundishe wengine. Wakiwa mmoja mmoja, siku mmoja akihamishwa chumba kinafungwa.

Na kipimo hiki kiingie kwenye kitita. Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe mwaka 2023, neno kitita tunalisikia hadi kwenye daladala. Kiwekeeni masharti, hilo silipingi. Mgonjwa awe amemaliza wiki nane za dawa, awe na majibu ya endoskopi, awe na barua ya bingwa. Masharti yakiandikwa wazi tutayatimiza.

Mkisema haiwezekani nitawakumbusha Novemba 2017, Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo watoto wasiosikia wakaanza kupandikizwa vifaa vya kusikia hapo hapo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete leo inafanya upasuaji ambao zamani ulimaanisha pasipoti na michango ya ukoo mzima. Mpira wa milimita mbili puani hauwezi kuwa mgumu kuliko figo.

Karatasi zangu ninazo zote: grafu, shajara ya ile siku, na majibu ya manometri. Nimetoa nakala mbili. Kama kuna muuguzi au daktari wa hospitali yoyote ya umma anayetaka kujifunzia, nitazileta mwenyewe mpaka alipo, siku yoyote ya wiki baada ya saa tisa alasiri vipindi vikiisha, na nitamweleza kila wimbi lilipopita nilikuwa nafanya nini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili
Mbagala, Dar es Salaam